Ndugu wamegombana kwenye grupu la familia, na Krismasi inakuja

BARUA

Habari za kazi, washauri.

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Naishi Moshi mjini, nyumbani kwetu ni Kibosho, huko juu mlimani. Baba alishafariki na amelala kihambani, shamba letu la nyumbani. Mama yupo, ana miaka 78, na mimi ndiye ninayepanda kila Jumamosi kumwona.

Tuna grupu la WhatsApp la familia. Tulilianzisha wakati wa msiba wa baba kwa ajili ya taarifa na michango, halafu likaendelea. Sasa lina watu 27: sisi watoto, wake na waume zetu, wajukuu wakubwa na baba wadogo wawili. Mwezi wa saba tulikubaliana kulijengea kaburi la baba kabla ya Krismasi, kila mtoto atoe laki nne. Orodha ikawekwa kwenye grupu, na kila anayelipa anawekewa tiki mbele ya jina lake. Kitinda mimba wetu, mwenye gereji ndogo Arusha, alituma laki moja akasema nyingine zinakuja.

Usiku mmoja, saa tano, mdogo wangu anayeishi Dar akaandika: "Wengine tunajitoa, wengine kazi yao kusoma meseji tu." Kitinda mimba akajibu: "Wenye hela zao wajenge wenyewe." Shemeji akaingia, wajukuu wakaweka vikatuni vya kucheka, na kabla hatujalala yule wa Dar akabandika skrinishoti ya mazungumzo yao wawili, pale mdogo wake alipomwomba amkopeshe kodi ya fremu. Kitinda mimba akajitoa kwenye grupu. Tangu siku hiyo hawajasemezana, na sasa anasema Krismasi hapandi.

Mama ana simu ndogo ya kitochi, kwa hiyo hakuona chochote. Habari amezisikia kwa mjukuu. Kila Jumamosi ananiuliza kama watoto wake wamepatana, na sina jibu.

Kuna na jambo la pili. Mwaka jana walikuja wote. Nyumba ilijaa, lakini kila mtu alikuwa na simu mkononi kuanzia uji mpaka usiku. Mama aliingia kulala saa mbili kwa sababu hakukuwa na wa kuongea naye. Mdogo wetu wa kike aliye Texas alipiga video, simu ikapitishwa mikononi mwa watu wote, na mama akaambulia "haujambo mwanangu" ikaishia hapo.

Nimrudishe mdogo wangu kwenye grupu? Nipige marufuku simu nyumbani? Na je, tumnunulie mama simu kubwa ili asiachwe nyuma?

Dada Mkubwa, Moshi

JIBU

Pole, Dada. Tuanze na la haraka: usimrudishe mdogo wako kwenye grupu. Ukimrudisha, anaingia mbele ya watu 26 waliosoma shida zake za kodi, na wote watakaa wakisubiri aseme nini. Akinyamaza ataonekana ana kinyongo. Akiandika, kila neno litapimwa. Wengi wakirudishwa hivyo hujitoa tena ndani ya saa moja, na mara ya pili inauma kuliko ya kwanza.

Cha kufanya leo ni kulifunga grupu mdomo bila kulivunja. Ukiwa admini, ingia kwenye taarifa za grupu, fungua ruhusa za grupu, na pale panapohusu nani anaweza kutuma ujumbe, acha maadmini peke yao. Kama huyo wa Dar naye ni admini, usimwondoe; mpigie kwanza umwambie unachotaka kufanya na umwombe asiandike kitu kwa sasa. Kisha weka ujumbe mmoja: "Ndugu zangu, grupu litakuwa la matangazo tu hadi baada ya Krismasi. Suala la kaburi nitalifuatilia kwa kumpigia kila mmoja. Mama anawasalimu." Usitaje ugomvi, usitaje jina la mtu, na ukiulizwa faraghani kwa nini umefunga, jibu kwa kupiga simu.

Ile skrinishoti usihangaike nayo kama picha. WhatsApp inampa mtumaji siku mbili na kidogo kufuta ujumbe kwa wote, na muda huo umeshapita zamani. Na hata angefuta usiku uleule, baadhi ya simu huhifadhi picha zenyewe, kwa hiyo huenda ingebaki kwenye simu za baadhi yao.

Sasa tuseme jinsi ugomvi ulivyozaliwa, maana usipoliona hilo utapatanisha watu na mwezi wa pili watagombana tena palepale.

Sentensi ya kwanza, "wengine kazi yao kusoma meseji tu", ingesemwa sebuleni kwa sauti ya utani, huku anayesema anamgusa bega mwenzake, huenda ingeishia kwenye kicheko. Kwenye kioo sauti haipo, na aliyeandika hajui kwamba haipo, kwa sababu yeye anaisikia kichwani mwake anapoandika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha majaribio juu ya jambo hili hili kwa kutumia barua pepe. Waandishi walitarajia wasomaji watajua lipi ni kejeli na lipi ni kweli mara 78 kati ya 100. Wasomaji walipatia mara 56, ambayo haiko mbali na kubahatisha. Waliosikia maneno kwa sauti walipatia karibu robo tatu. Na wasomaji waliokosea hawakuwa na wasiwasi wowote, waliamini wameelewa. Ndivyo inavyokuwa kwenye magrupu ya familia: mwandishi ana uhakika ametania, msomaji ana uhakika ametukanwa, na wote wawili ni watu wazima wenye akili zao.

Ongeza hapo saa tano ya usiku, watu wamechoka. Ongeza watazamaji 25. Ndugu wawili wakizozana peke yao, mmoja anaweza kulegea bila kupoteza kitu. Mbele ya wake zao, shemeji zao na watoto wao, kulegea ni aibu, kwa hiyo kila jibu linapanda ngazi. Vile vikatuni vya kucheka vya wajukuu, ambao pengine hawakuwa na nia mbaya, ndivyo vilivyomsukuma yule wa Dar kutafuta kitu kizito zaidi cha kutupa.

Kuna na suala la tiki za WhatsApp, ambalo linaharibu nyumba nyingi. Huyo wa Dar alijuaje kwamba mwenzake "anasoma tu"? Alishikilia ujumbe wake, akafungua taarifa, akaona majina ya waliosoma. Taarifa ile inaeleza kitu kimoja tu: mazungumzo yale yalifunguliwa kwenye simu ya mtu fulani. Fundi aliye chini ya gari, mikono ina oili, anafungua kwa kidole kimoja aone kama ni mteja, anaona ni orodha ya michango, anairudisha simu mfukoni. Kwenye taarifa anahesabiwa amesoma. Wengine wanaficha tiki za bluu wakidhani wamepona. Kwenye magrupu kuficha huko hakufanyi kazi, taarifa ya kusoma inatoka vilevile. Na kinyume chake: kwenye grupu, tiki ya pili haiji mpaka ujumbe uwafikie wote, kwa hiyo mtu mmoja aliyezima simu anatosha kuufanya ujumbe ubaki na tiki moja. Ukiishi kwa kuhesabu tiki utawahukumu ndugu zako kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

Hata hivyo, Dada, kidonda chenyewe hakitokani na pesa wala ile sentensi ya kwanza. Kimetokana na skrinishoti. Ombi la mkopo kati ya ndugu wawili ni siri, na siri hiyo ilitolewa hadharani ili kumshusha mtu mbele ya mkewe na wapwa zake. Ukienda kupatanisha kwa kusema "wote mmekosea, sameheaneni", kitinda mimba atakuona umechukua upande. Makosa hayalingani. Yule wa Dar ndiye wa kuanza, na wewe kama mkubwa wake unaweza kumwambia.

Mpigie. Usimwandikie, na usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika sita, kwa sababu hata huo mtu anausikiliza peke yake, anaurudia, anautuma kwa mkewe. Chagua Jumapili mchana akiwa nyumbani, si akiwa kwenye foleni ya kurudi Mbezi au Kimara. Muulize kwanza kama yuko peke yake. Kisha sema jambo moja: "Mdogo wangu, la pesa tutalimaliza, lakini ile picha uliyoibandika, yale mlikuwa mnaongea wawili. Nataka umwombe msamaha kwa hilo." Halafu nyamaza. Atajitetea. Atasema na yeye alitukanwa, atakumbusha mengine ya miaka ya nyuma. Msikilize mpaka amalize, usimkatize, na mwishoni rudia sentensi yako ileile. Huenda simu ya kwanza ikaisha bila ahadi. Mpigie tena baada ya siku mbili au tatu. Mtu anahitaji kulala na jambo kama hili.

Kitinda mimba naye mpigie, lakini usimwombe asamehe. Mwulize hali, gereji inaendaje, watoto wanaendeleaje, kisha mwambie unajua alichofanyiwa hakikuwa sawa. Watu wengi waliojitoa kwenye magrupu ya familia hawakupigiwa simu na mtu yeyote kesho yake. Wote walisubiri yeye ndiye arudi. Ukimya huo unamuumiza pengine kuliko maneno. Usimpelekee maneno ya kaka yake, hata mazuri. "Amesema anajuta" ikitoka kinywani mwako haina uzito, na kama yule wa Dar akichelewa, wewe ndiye utakayeonekana mwongo. Usirekodi simu hizi, hata kwa nia njema.

Kama yule wa Dar anaogopa kupiga kwa sababu "itakuwa ngumu", mwambie hofu hiyo ni ya kawaida na mara nyingi inazidi ukweli. Mwaka 2021 Amit Kumar na huyohuyo Epley walionyesha kwamba watu wanaotaka kumtafuta rafiki wa zamani hutarajia simu italeta aibu kuliko maandishi, lakini wakipiga, aibu haizidi na ukaribu wanaouhisi ni mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba hao walikuwa marafiki waliopoteana, si ndugu waliogombana. Lakini kinachowaleta karibu ni sauti, na hiyo ndugu zako wanayo tangu utotoni.

Simu ifungue mlango tu. Msamaha wenyewe ufanywe uso kwa uso. Na hapa kuna jambo tunalolipenda kwa sababu ya jiografia yenu. Anayetoka Dar anafika Moshi kwanza. Akienda Arusha anapita nyumbani, anaongeza kilomita kama 80, kisha anarudi. Mtu akikuona umekuja gereji kwake kabla hujapanda kumwona mama, hahitaji maelezo marefu. Aende peke yake, bila mke, bila watoto, bila wewe. Akifika, simu yake iachwe kwenye gari au izimwe kabisa, maana ikilia katikati ya sentensi ya kuomba msamaha, sentensi hiyo hairudiki vizuri. Aseme alichofanya kwa jina lake: "Nilitoa siri yako mbele ya watu." Asiongeze "lakini na wewe".

Mkiona ugomvi umeingia ndani zaidi ya hapo, mnao baba wadogo, na mnalo sale, jani la Kichaga la kuombea msamaha. Mnajua wenyewe kwamba anayeletewa jani hilo kwa heshima si rahisi alikatae. Ndiyo maana litumike baada ya mkosaji kukubali kosa. Likitangulia, linakuwa njia ya kumbana aliyeumizwa anyamaze ili sikukuu iende vizuri. Lipelekwe na mtu, mkononi. Picha ya sale iliyotumwa WhatsApp haina maana yoyote, na mjukuu yeyote atakayetaka kupiga picha tukio hilo aweke simu chini.

Baada ya wawili hao kuongea, na si kabla, wale 26 wanahitaji kusikia neno moja, kwa sababu aibu ilitolewa mbele yao. Yule wa Dar akuandikie kwanza wewe, uisome, kisha ufungue grupu aiweke: "Ndugu zangu, nilibandika mazungumzo ya faragha ya mdogo wangu. Nilikosea na nimemwomba msamaha." Basi. Maneno yakizidi hapo yanaanza kujitetea. Wewe funga tena kabla pongezi na vikatuni havijaanza.

Kuhusu pesa: badilisheni utaratibu wote. Orodha yenye majina, kiasi na tiki ndiyo inayotumika kila mahali kwa sababu ni rahisi kunakili na kubandika, lakini kila ikibandikwa upya inamtangaza asiye na kitu mara moja zaidi. Teueni mtu mmoja apokee. Kila mtoto amwambie huyo peke yake atatoa kiasi gani na lini. Laki nne kwa kila mmoja si usawa kama mmoja ana mshahara na mwingine anasubiri mteja alete gari. Anayepokea amthibitishie kila mtumaji faraghani, na kwenye grupu atangaze jumla tu: "Tumefikisha milioni moja na laki mbili." Kubalianeni mapema pia kuhusu ya kutolea. Mtu akituma laki nne kamili bila ya kutolea, anayepokea anapata pungufu, na tumeona ndugu wakirushiana maneno kwa ajili ya elfu chache ambazo hakuna aliyesema nani azibebe. Mchango wa kazi uhesabiwe: kitinda mimba wenu akisomba mchanga na saruji kwa gari la rafiki yake, hiyo ina bei.

Na kama tarehe ndiyo inayowabana, kaburi lisubiri Pasaka. Baba yenu hatalala vibaya kwa miezi minne. Watoto wake wasiosemezana kihambani kwake ndilo jambo la kushughulikia kwanza.

Tuje Krismasi yenyewe. Usipige marufuku simu. Miongoni mwa watu 27 kuna mwenye duka aliyeacha kijana peke yake, kuna anayepokea oda, labda kuna muuguzi anayeweza kuitwa kazini. Ukiwanyang'anya simu siku tatu watazitumia chooni na kwenye migomba, na wewe utageuka askari wa zamu. Linda saa chache, uzilinde kweli. Sisi tungechagua chakula cha jioni tarehe 24, chakula cha mchana tarehe 25, na saa moja baada ya chakula hicho ambayo ni ya mama.

Sababu ya kuanza na chakula ni hii. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 300 waliokula mkahawani na marafiki au ndugu zao, baadhi simu zikiwa mezani, wengine simu zikiwa zimewekwa kando. Wenye simu mezani walivurugwa akili zaidi na walifurahia chakula hicho kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa. Lakini familia yenu inakaa pamoja siku chache kwa mwaka, na hata hiyo ndogo ni hasara kwenu.

Waambie kabla hawajasafiri, kwa simu, mmoja mmoja. Tangazo linalotolewa wakati ndizi zimeshapakuliwa linasikika kama kukaripiwa, na kuna atakayekataa kwa ajili ya heshima yake tu. Tafuta ekstensheni yenye matundu ya kutosha, uiweke chumba kimoja, simu zote zikachajiwe huko wakati wa chakula. Kwa kuwa watu wamesafiri na chaji zimekwisha, watakubali bila shida. Mwenye dharura aweke hali ya Usisumbue na kuruhusu namba anazozitaka zipite. Simu nyingi pia zina chaguo la kumruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache. Pigeni picha zenu kwanza, za meza na za mbuzi na za nguo mpya, halafu simu ziende. Statasi inaweza kusubiri jioni. Na wa kwanza kupeleka simu yake awe wewe, wa pili yule wa Dar. Mkianza na wajukuu mmeshindwa.

Kinachokwamisha mpango huu kwa kawaida ni mikono mitupu. Mtu aliyezoea kushika simu, ukiiondoa bila kumpa kitu cha kufanya, baada ya dakika kumi anakwenda "kuangalia chaji". Wape kazi: kumenya ndizi, kuchota maji, kugawa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee, kuchochea moto. Wanaume pia. Maongezi mazuri huwa yanazuka watu wakifanya kazi pamoja, si wakikaa wameelekezana makochi.

Saa ya mama iandalieni. Ukimweka mzee katikati ya watu 27 na kusema "haya mama, tuambie", atasema hana la kusema. Toa picha za zamani, zile za karatasi, umpe moja moja aseme nani ni nani. Muulizeni mpaka wa kihamba unapita wapi na nani alipanda ile mibuni ya chini. Hayo mtayahitaji siku yupo na siku hayupo, na ndani yake kuna majibu ya ugomvi wa ardhi ambao bado haujazaliwa. Simu moja tu ibaki, ya kurekodi sauti, na aombwe ruhusa kwanza.

Simu ya Texas nayo ipangiwe wakati. Sehemu kubwa ya Texas mwezi Desemba iko nyuma yetu kwa saa tisa: saa kumi jioni Kibosho ni saa moja asubuhi kwake. Mpeni mama dakika 15 za kwanza peke yake na binti yake, wengine watoke nje. Simu iegemezwe kwenye kitu kizito usawa wa uso wake, isishikwe na mtoto. Mwanga utoke mbele ya mama. Dirisha likiwa nyuma yake, binti ataona kivuli. Mwambieni binti aongee polepole bila kupaza sauti, na baada ya kila sentensi asubiri kidogo, kwa sababu sauti inachelewa njiani na wawili wakianza kujibu kwa pamoja, mzee hunyamaza akidhani amekatiza. Aje na swali moja la kweli, kama hali ya goti au ng'ombe aliyezaa, maana "mama uko salama?" linajibiwa kwa neno moja. Siku za sikukuu minara ileile inahudumia watu wengi kuliko kawaida, kwa hiyo video ikigandaganda, zimeni picha mbaki na sauti.

Simu kubwa kwa mama: msimnunulie kama zawadi ya kushtukiza. Kitochi anakijua, chaji inakaa siku kadhaa, na anayempigia anampata. Ukimpa simu ya kugusa na kumwingiza kwenye grupu, hujamletea watoto karibu. Umempa nafasi ya kuona ugomvi mwingine ukitokea, na kupokea zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kinachomwacha nyuma si aina ya simu. Mko watoto watano: gawaneni siku, kila mmoja ana siku yake ya kumpigia mama, na wewe una Jumamosi yako. Mambo makubwa ya familia msiyaamue kwenye grupu asilokuwemo. Tumia simu yako ya kawaida: mpigie yeye, akipokea bonyeza ongeza simu, mpigie wa pili, kisha unganisha, na uendelee hivyo. Mitandao kwa kawaida inaruhusu hadi watu watano mbali na wewe. Kila simu unayounganisha inakata salio lako, kwa hiyo jiunge kifurushi cha dakika kwanza, na aliye Texas mpigieni kwa WhatsApp kabla ili mjue maoni yake. Kama baada ya hapo mama mwenyewe ataomba simu kubwa, tuandikie, tutaeleza namna ya kuiandaa.

Kwa wajukuu wadogo tuseme kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wale wakubwa watafuata wanachokiona kwa wazazi wao.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza. Huenda ukafanya yote haya na kitinda mimba asipande mwaka huu. Ikiwa hivyo, msimpigie video wakati wa chakula kumwonyesha kwamba nafasi yake iko wazi, na mtu yeyote asiandike kitu kwenye statasi kinachomlenga. Asubuhi ya tarehe 25, mama ampigie mwenyewe kwa kitochi chake, bila spika, nyinyi wengine mkiwa nje. Siku ya pili mtu apande basi kwenda Arusha na fungu lake la nyama, akae naye mpaka jioni. Grupu libaki limefungwa hadi siku ndugu hawa wawili watakapokuwa wameonana, hata kama siku hiyo itakuwa mwezi wa tatu.